Mkono wa Kuume au Mkono wa Kushoto?



Wako watu wanaofikiri ya kuwa katika ndege viti vyote ni sawa. Wanasema: wote wanaondoka pamoja, wote wanafika pamoja, na rubani ni mmoja. Mimi nami nilifikiri hivyo zamani. Lakini aliyekaa mkono wa kuume na aliyekaa mkono wa kushoto hawaoni nchi moja. Huyu ataona ziwa, yule ataona milima. Na wakishuka, kila mmoja atasimulia safari yake kana kwamba hawakusafiri pamoja. Leo nataka kuwaelezeni namna ya kuchagua kiti cha dirishani, na tena namna nilivyochagua vibaya mimi mwenyewe, siku ile niliyotaka sana kuchagua vizuri.

Sisi ni watu wa Butembo, lakini nilizaliwa Vitshumbi, kando ya ziwa Edward, upande wa kusini. Marehemu baba alikuwa mvuvi. Mama alikaa naye pale miaka 17, akipasua samaki, akiwatia chumvi, akiwaanika na kuwauza. Tulikua karibu na viboko na wale makorongo wakubwa wanaongoja matumbo ya samaki. Usiku mmoja baba alikwenda ziwani pamoja na wenzake wawili. Dhoruba ikawakuta. Asubuhi mtumbwi ulionekana umepinduka, wao hawakuonekana. Kwa hiyo baba hana kaburi. Ziwa lote ni kaburi lake.

Mama alifunga vitu vyetu, akapanda nasi mlima wa Kabasha mpaka Kanyabayonga, na toka pale mpaka Butembo kwa ndugu zake. Tangu siku ile hakurudi Vitshumbi. Mwanzoni hakutaka hata kusikia jina lake. Baadaye, alipoanza kutaka, njia ilikuwa imeharibiwa na vita.

Mwaka 2011 macho ya mama yakaanza kuingia ukungu. Ulikuwa ugonjwa uitwao mtoto wa jicho. Ndani ya jicho mna kitu kidogo kama kioo, ambacho mwanga hupita ndani yake. Kwa wazee wengi kioo hicho huacha kuwa cheupe kama maji safi, kikawa kama maji yaliyooshewa mchele. Na mwanga haupiti tena. Kwanza jicho moja, kisha la pili. Mwaka 2015 mama alikuwa hatambui tena uso wa mtu. Alitujua kwa sauti na kwa mwendo wa miguu. Jumapili mjukuu wake alimshika mkono kwenda Misa, na njiani alimwuliza mtoto bila kuchoka: «Hapa tunapita kwa nani? Mahindi yao yamekomaa? Nani yule amenisalimu, amevaa nini?» Mtoto alimjibu yote. Sisi wakubwa tulimjibu kwa kifupi, kwa maana tulikuwa na haraka.

Ugonjwa huo hauponi kwa dawa ya kutia machoni. Lazima mganga apasue, aondoe kile kioo kilichoharibika, atie kingine kidogo kilichotengenezwa na watu. Tulipata nafasi katika hospitali moja ya Goma, mji ambao dada yangu alikuwa akikaa. Lakini kutoka Butembo mpaka Goma, barabara inapita Lubero na Kanyabayonga, inateremka katika bonde la Rwindi, inakata hifadhi ya Virunga, ile iliyoanzishwa mwaka 1925, halafu Rutshuru. Siku zile watu wenye silaha walikuwa wakiteka abiria katika sehemu hiyo, na magari yalipita kwa msafara pamoja na askari. Tungempitishaje pale mzee asiyeona? Basi sisi watoto watano tukachanga franka, tukalipa ndege.

Tuliondoka mwezi wa Novemba 2015. Ndege ilikuwa ndogo, na mabawa yake yalikuwa juu ya madirisha, si chini. Hilo ni jambo la kuangalia, kwa sababu bawa la chini huwaficha nchi wale walioketi juu yake. Afadhali kukaa mbele yake kabisa au nyuma yake kabisa. Walitupima katika mizani, sisi pamoja na mizigo yetu, kwa maana ndege ndogo hutaka uzito uwe sawa. Tiketi zetu hazikuwa na namba ya kiti. Aliyetangulia kuingia alichagua.

Tukakaa mkono wa kushoto, viti viwili. Mama akaniambia: «Kaa wewe dirishani, mwanangu. Mimi sina kazi nalo.»

Nikakaa. Hatukukawia sana angani, nami nikaona chini yangu kitu ambacho sikukiona tangu utoto wangu. Ziwa lote lilikuwa wazi. Maji yalitandaa mpaka milima ya Uganda, na mwanga wa asubuhi ulikuwa juu yake. Niliona mitumbwi midogo kama mbegu zilizomwagika. Mwisho wa ziwa, upande wa kusini, niliona mabati yanang'aa ukingoni, nikajua: ndiyo Vitshumbi. Moyo wangu ulipiga kwa nguvu.

Mama akasikia nimegeuka. Akauliza: «Tumefika wapi?»

Nikajibu: «Bado, mama. Ni mawingu tu.»

Kwa nini nilisema uwongo ule? Niliwaza hivi: haoni, nimwumize kwa nini? Atapasuliwa, atapata macho. Siku ya kurudi nitamkalisha dirishani bila kumwambia neno, na ziwa litatokea mbele yake lenyewe. Nilijiona mwana mwema sana. Nikatoa kalamu, nikaandika katika daftari langu: «Ziwa: kushoto.»

Mganga alipasua jicho la kuume, na baada ya majuma mawili la kushoto. Walipoondoa kitambaa, mama alitazama mikono yake kwa muda mrefu. Kisha akamtazama dada yangu, akasema: «Umezeeka.» Tukacheka wote, na dada akalia. Siku zilizofuata alikaa mlangoni na miwani yake myeusi, akitazama chukudu zinazoteremka na mizigo ya makaa na viazi. Hakutaka kuingia ndani hata mvua iliponyesha. Mganga alimwonya tu asitazame jua kali.

Ikafika siku ya kurudi, karibu na Noeli. Nilikata tiketi ya asubuhi, kwa sababu katika milima yetu asubuhi ndiyo saa ya kuona; saa sita ikipita, mawingu yanapanda na kufunika kila kitu. Tena miezi ya mvua, asubuhi baada ya mvua ya usiku, hewa ni safi kuliko wakati wa kiangazi, ambapo moshi wa mashamba yanayochomwa hutia nchi ukungu. Hayo yote nilikuwa nimeyafikiri vizuri. Nilifika uwanjani mapema. Nilisimama mbele ya mstari. Mlango ulipofunguliwa nikaingia wa kwanza, nikatupa koti langu juu ya kiti cha dirishani, mkono wa kushoto. Kijana mmoja mchuuzi wa nguo alitaka kukaa pale, nikamwambia kwa sauti ya mwalimu: «Hapana, hapa pana mtu.» Akaenda mkono wa kuume. Mama akaketi, nami nikaketi karibu naye, nikifurahi moyoni.

Ndege ikaruka upande wa ziwa Kivu, ikageuka, ikaelekea kaskazini. Watu wa mkono wa kuume wakaanza kusema: «Nyiragongo! Tazama moshi!» Mlima ule una mita 3.470, na wengi wetu tulikumbuka mwaka 2002, moto wake uliposhuka mjini Goma na kufunika hata sehemu ya uwanja wa ndege. Nami nikasema moyoni: waache waone volkano yao, sisi tunangoja kilicho bora.

Mama alikuwa amegandamana na dirisha. Chini kulikuwa na vilima vya Masisi, majani mabichi, ng'ombe, mashamba yaliyopangwa kama viraka vya nguo. Akasema: «Hawa wamepanda maharagwe mpaka juu kabisa. Nani anapanda juu hivi?» Baadaye kidogo yakatokea maji madogo kati ya vilima. Akanishika mkono: «Mwanangu, je, ndilo ziwa letu? Limekuwa dogo hivi?» Nikamwambia: «Sivyo, mama, hayo ni maziwa ya Mokoto, penye monasteri ya Watrapisti. Letu liko mbele.»

Tukaendelea. Nikatazama saa yangu. Nikatazama dirisha. Yakatokea mabati mengi juu ya mgongo wa mlima, na barabara nyekundu inayopita katikati. Nikaijua ile barabara. Ilikuwa Kanyabayonga.

Hapo ndipo nikaelewa, na damu ikanipanda usoni. Kanyabayonga iko magharibi, na ziwa liko mashariki. Nilipokwenda Goma uso wangu ulielekea kusini, na mashariki ilikuwa mkono wangu wa kushoto. Sasa tulikuwa tukirudi, uso wetu ulielekea kaskazini, na mashariki ilikuwa mkono wa kuume. Ziwa halikuhama, mimi ndimi niliyegeuka. Ninafundisha jiografia. Kila mwaka nawauliza watoto swali kama hilo, nami huwapa sifuri wanaokosea.

Nikataka kusimama nimwombe mtu ampishe mama. Lakini ndege ilikuwa ikitikisika, na taa ya mikanda ilikuwa inawaka. Msaidizi wa rubani akaniashiria kwa mkono: kaa. Nikakaa. Nikasema: «Mama, nisamehe. Nimekosa upande. Ziwa liko kule.»

Yule kijana mchuuzi niliyemfukuza kitini alikuwa amekaa ng'ambo ya njia, karibu na dirisha lake. Alisikia. Akageuka akasema: «Mama, unataka kujua nini? Mimi naliona. Niulize.»

Mama akainama kidogo mbele yangu, kana kwamba mimi sipo. Akamwuliza: «Maji yana rangi gani?»

«Yanang'aa sana, mama, jua liko juu yake. Yananichoma macho. Upande huu wa karibu ni kijani.»

«Tazama mwisho wake, upande tuliotoka. Unaona mito inaingia?»

«Naona mmoja... hapana, miwili. Una vilima vya matope mdomoni.»

«Huo mkubwa ni Rutshuru, na mwingine ni Rwindi. Sasa fuata ukingo. Unaona nyumba?»

«Naona mabati.»

«Ndipo. Mitumbwi iko wapi? Imerudi, au ingali majini?»

Kijana akaweka kipaji chake juu ya kioo. «Mingi imerudi. Lakini mitatu ingali mbali, katikati.»

Mama akanyamaza. Alifanya ishara ya msalaba polepole, akafunga yale macho yake mapya. Nilijua anamwombea nani. Kijana hakuuliza, naye akanyamaza, akatazama maji kwa ajili yake mpaka yakaisha.

Kisha mama akanigeukia. «Siku ile ya kwenda ulikaa dirishani. Ziwa lilikuwa upande gani?»

Nikasema: «Upande wangu.»

«Uliliona?»

«Niliona, mama.»

«Na Vitshumbi?»

«Niliona.»

«Nilikuuliza tumefika wapi, ukaniambia mawingu.»

Nikamweleza shauri langu lote, ya kuwa nilitaka kumfurahisha siku ya kurudi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonichoma. Akasema: «Mwanangu, miaka hii 4 macho yangu yalikuwa midomo yenu. Ungeniambia siku ile, ningaliona.»

Sikuwa na jibu. Nimekuwa na muda mrefu wa kulitafuta, na sijalipata. Nilifikiri ya kuwa kipofu hana kazi na dirisha. Kumbe yule mchuuzi, asiyemjua kabisa, kwa dakika chache alimpa ziwa lake lote, pamoja na mito na mitumbwi. Na mimi niliyezaliwa naye kando ya maji yale, nilikuwa nimelificha katika daftari.

Lakini safari ilikuwa haijaisha. Ndege ilipita mji wa Butembo, ikazunguka ili itue ikitoka kaskazini. Ilipozunguka, mkono wetu wa kushoto ukaelekea mashariki. Mama alikuwa amerudi dirishani. Akasema: «Kuna kitu cheupe kule juu, nyuma ya milima.» Nikatazama juu ya bega lake. Nikasema: «Ni wingu.» Akasema: «Wingu halina pembe.» Mzee mmoja nyuma yetu akatazama, akasema: «Huyu mama anaona vizuri. Ni theluji ya Ruwenzori.»

Kweli ilikuwa Ruwenzori, mlima wenye mita 5.109, ambao mara nyingi hujifunika mawingu hata watu wanaokaa karibu hawauoni siku nyingi. Stanley mwenyewe alipita katika nchi zile safari ya kwanza bila kuiona theluji ile. Aliiona mwaka 1888 tu. Na mama, mwenye macho ya majuma machache, aliiona kabla yangu mimi niliyedhani naona. Nikamkumbuka yule kipofu wa Betsaida katika Injili, ambaye Bwana wetu alimwekea mikono mara mbili, kwa sababu baada ya mara ya kwanza watu walikuwa kwake kama miti. Mimi nilikuwa ningali katika ile mara ya kwanza.

Mama hakukaa kimya. Aligeuka akaita ng'ambo: «Kijana! Wewe huoni, niulize mimi. Ni nyeupe kama chumvi juu ya samaki. Ina pembe mbili, tatu. Chini yake kuna buluu.» Kijana akacheka, akamwuliza kama moshi unatoka. Mama akamjibu kwamba moshi hakuna, ni baridi tu. Akaendelea kumweleza mpaka magurudumu yakagusa chini.

Tangu siku ile sijapanda tena ndege ya njia ile. Mwezi wa Januari 2025 vita ilifika Goma, na ndege za abiria zikaacha kutua pale. Mama, alipopata habari, alisema: «Afadhali tulipita wakati mlango ulikuwa wazi.» Naye angali anamweleza kila anayeingia nyumbani mambo mawili: ziwa alilolisikia, na theluji aliyoiona.

Basi, msomaji, siku utakapopata bahati ya kusafiri kwa ndege, fanya hivi. Chukua ramani kabla ya kwenda uwanjani. Weka kidole pale unapotoka, kielekeze pale unapokwenda, ujifanye wewe ni hicho kidole. Ndipo utajua ziwa au mlima uko mkono gani. Siku ya kurudi ufanye tena hesabu yako, usiamini daftari la kwenda. Uliza bawa liko wapi. Uliza jua litakuwa upande gani, kwa maana asubuhi anayeelekea kaskazini analipata jua mkono wa kuume, nalo humpiga machoni. Mama alipumzisha macho yake kivulini kwa sababu ya kosa langu. Fika mapema, omba kiti chako kwa adabu, wala usimfukuze mtu.

Na ukiisha kukaa dirishani, jua ya kuwa una deni. Karibu nawe yuko mtu asiyeona: labda amekaa katikati, labda amekaa upande mwingine, labda macho yake yamechoka. Akikuuliza mmefika wapi, usimwambie ni mawingu tu. Mwambie maji yana rangi gani, na mitumbwi mingapi imerudi.